Historia ya parokia ya mjini: tuianzie wapi?

Parokia inapokaribia jubilei, kamati ya maandalizi huteua watu wawili watatu waandike historia. Mara nyingi kinachopatikana ni orodha ya maparoko, mwaka wa jiwe la msingi na jina la askofu aliyekuja siku ile. Sisi tunaofanya kazi ya nyaraka tunaipokea kwa shukrani, lakini waumini waliolijenga kanisa hawamo ndani yake, na hilo linatuuma.

Kwa Mbeya pengo hilo ni kubwa zaidi kwa sababu ya namna mji wenyewe ulivyozaliwa. Kule Iringa, watawa Wabenediktini walifungua misheni Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, na wamisionari Wakonsolata wakaipokea mwaka 1919 baada ya Wajerumani kuondolewa. Misheni ilikuwepo kwanza, maisha ya Kikristo yakakua kuizunguka. Mbeya haikuwa hivyo. Mji ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, dhahabu ya eneo la Lupa ikivuta watu, na eneo la kanisa lililoundwa mwaka 1932 chini ya shirika la Mapadre Weupe lilipewa jina la Tukuyu. Jina la Mbeya lilichukua nafasi yake mwaka 1949, na jimbo likafuata mwaka 1953. Tangu Desemba 2018 Mbeya ni jimbo kuu, na majimbo ya Iringa na Sumbawanga yako katika kanda yake.

Barabara ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, zilileta watu wengi mjini. Aliyetoka Rungwe, Kyela, Mbozi au Makete alipanga chumba, akatafuta Wakatoliki wenzake mtaani, wakaanza kusali rozari nyumbani kwa mtu. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji, kwa hiyo makundi hayo ya mtaani yakapata nafasi rasmi. Jumuiya zikazaa kigango, yaani kituo cha ibada kisicho na paroko wake, kigango kikapata katekista, mwalimu wa dini, na padre akawa anakuja kuadhimisha misa kutoka parokia mama.

Hapo ndipo waandishi wengi wanapochanganya tarehe. Kuna siku kigango kilipoanza, kuna siku askofu alipotangaza parokia kwa hati, na kuna siku kanisa lilipotabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu. Kwa sheria ya Kanisa, askofu peke yake ndiye anayeunda parokia, na kabla ya kufanya hivyo husikiliza baraza la mapadre. Jengo linaweza kukamilika miaka mingi baada ya hati hiyo, kwa kuwa ujenzi hutegemea ahadi za jumuiya, harambee na mavuno. Andikeni tarehe zote tatu, kila moja na ushahidi wake.

Ingieni kanisani mkatazame kuta. Kanisa lililotabarukiwa lina sehemu 4 au 12 ambapo askofu alipaka krisma takatifu, mafuta yaliyowekwa wakfu, na kwa kawaida kila sehemu huwekewa msalaba mdogo na kishikio cha mshumaa. Msipouona, ulizeni: huenda kanisa lilibarikiwa tu, kutabarukiwa bado. Altare nayo inasema kitu. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, makanisa mapya yalijengwa altare ikiwa imeachana na ukuta, padre akiwaelekea waumini, na ukumbi ukapanuliwa ili watu wakae karibu nayo. Kwaya ikashuka chini, ikakaa pamoja na watu.

Hazina kubwa kuliko zote ni daftari la ubatizo. Kila mstari una namba, jina, wazazi na wasimamizi, na pembeni huongezwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Aliyebatizwa enzi za kigango anapatikana kwenye daftari la parokia mama, kwa hiyo miaka ya mwanzo ya parokia yenu imehifadhiwa kwa majirani. Nendeni na barua ya paroko. Daftari ni la Kanisa lakini habari zilizomo ni za watu, msizipige picha na kuzisambaza kwenye makundi ya simu. Ukurasa uliochanika msiubandike selotepu, gundi yake hula karatasi. Daftari lisikae sakafuni wala likigusa ukuta, maana ukungu wa msimu wa mvua wa kwetu hauna huruma.

Kisha wafuateni wazee: katekista wa kwanza, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliyekuwa mweka hazina, fundi aliyepandisha kenchi. Ulizeni kiwanja kilitoka kwa nani, tofali zilichomwa wapi, ibada ilifanyikia wapi kabla ya paa, na nani aliyekuwa akipiga kengele. Rekodini sauti, andikeni jina la msimuliaji na tarehe ya mahojiano, na nakala moja ibaki ofisini kwa paroko.