Linux haikulazimishi kutafuta draiva ya kila kifaa

Bado wapo wanaoamini kwamba ukiweka mfumo endeshi wa Linux kwenye kompyuta, lazima uhangaike kutafuta draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, kwa kila kifaa. Sivyo. Draiva nyingi zimo tayari kwenye kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo. Ukichomeka flashi, hujitambulisha: mtengenezaji wake, namba ya bidhaa na aina ya kifaa. Kerneli huiarifu udev, programu inayosimamia vifaa, nayo huagiza moduli (kipande cha draiva) inayolingana ipakiwe, kisha hupanga ruhusa na majina ya ziada chini ya /dev, folda ya vifaa. Andika amri lsusb kwenye terminali uzione namba hizo mwenyewe.

Wi-Fi ndiyo iliyoleta sifa mbaya, tena si bure: kadi kadhaa hudai fimwea (programu ndogo ya ndani ya kifaa) isiyo huria, na Debian, moja ya mifumo ya Linux, haikuiweka kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji hadi toleo la 12, mwaka 2023. Printa mpya, kwa kawaida, hazisumbui.