Waafghani na Waisilandi nchini Marekani: jedwali la kipato linapima nini hasa?

Katika majedwali yanayotengenezwa kutokana na takwimu za Ofisi ya Sensa ya Marekani, ambayo siku hizi husambazwa sana mtandaoni, jamii yoyote inaweza kuwekwa ubavuni mwa nyingine na kulinganishwa kwa kipato cha kaya, kiwango cha umaskini, umiliki wa nyumba na elimu. Mojawapo ya jozi zinazojitokeza humo ni wahamiaji kutoka Afghanistan na watu wa asili ya Isilandi. Mwelekeo wa jumla hautamshangaza msomaji: kipato cha Waisilandi kwa kila kichwa ni kikubwa zaidi, na umaskini miongoni mwao ni mdogo zaidi. Mimi ninayeshughulika na uchumi wa kaya na takwimu za uhamiaji sina ugomvi na mwelekeo huo. Ugomvi wangu ni na maelezo yanayobandikwa juu yake kwa haraka, kwamba eti jamii moja ina utamaduni wa kazi na nyingine haina, au kwamba jamii moja ilijua kuitumia fursa na nyingine ikashindwa. Ukilifungua jedwali lenyewe na kuuliza kila namba imetoka wapi, utakuta kwamba linapima zaidi muda uliopita tangu kuwasili, mlango ambao watu waliingilia, na sheria iliyowapa baadhi yao mali ikawanyima wengine hata uraia.

Tuanze na nani anahesabiwa. Mhamiaji kutoka Afghanistan anatambuliwa kwa swali la mahali alipozaliwa, kwa hiyo kila aliyemo katika kundi hilo amevuka mpaka yeye mwenyewe. Mtu wa asili ya Isilandi anatambuliwa kwa swali tofauti kabisa, lile la asili ya ukoo, ambalo mtu hulijibu kwa jinsi anavyojitambua mwenyewe na linaloruhusu kutaja asili zaidi ya moja. Walio wengi katika kundi hili wamezaliwa Marekani, wazazi wao wamezaliwa Marekani, na mara nyingi wana babu wa Kinorwe au wa Kijerumani ubavuni mwa yule wa Kiisilandi. Isitoshe, kipato cha kaya huandikwa chini ya asili ya mkuu wa kaya, hata kama mume au mke wake ana asili nyingine. Kwa hiyo upande mmoja wa jedwali umejaa watu waliofika juzi, na upande wa pili vitukuu vya watu waliofika karne ya kumi na tisa. Mtoto wa Kiafghani aliyezaliwa Virginia, akasoma na kuwa mhandisi, hayumo katika kundi la wahamiaji wa Afghanistan; mafanikio yake yamehamishiwa safu nyingine. Kijukuu wa mkulima wa Kiisilandi ambaye ni wakili Seattle, yeye yumo.

Liko pia suala la ukubwa wa sampuli, ambalo nitalipitia kwa ufupi. Utafiti wa kila mwaka unaotoa namba hizi hufikia takriban anwani milioni 3.5, lakini katika sensa ya mwaka 2000 watu waliotaja asili ya Isilandi walikuwa zaidi kidogo ya 42,000 katika nchi nzima. Kundi dogo kiasi hicho linawakilishwa na kaya chache mno katika sampuli, na ndiyo sababu takwimu zake huunganishwa kwa miaka mitano na bado hubaki na kiasi kikubwa cha kosa la sampuli. Kwa Waafghani tatizo ni la aina nyingine. Waliozaliwa Afghanistan walikuwa takriban 132,000 mwaka 2019, na kufikia mwaka 2022 walikuwa karibu 195,000. Wastani wa miaka mitano unaochanganya hali ya kabla na baada ya ongezeko hilo hauielezi kwa usahihi jamii iliyokuwapo wala iliyopo sasa.

Hata hivyo, jambo zito zaidi limo katika historia, na hapa naomba msomaji awe na subira. Kati ya mwaka 1870 na 1914 takriban watu 15,000 walihama Isilandi kwenda Amerika ya Kaskazini, kutoka nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu kati ya 70,000 na 90,000. Hawakuwa matajiri. Majira ya baridi kali, uhaba wa malisho na mlipuko wa volkano ya Askja mwaka 1875, uliofunika mashamba ya mashariki kwa majivu, viliwasukuma wakulima na vibarua wasio na ardhi kupanda meli. Walioanzisha makazi ya Gimli, kando ya Ziwa Winnipeg katika Kanada, walifika Oktoba 1875 wakati baridi inaanza, na mwaka uliofuata ugonjwa wa ndui uliua takriban mia moja kati yao, na kuwaua wenyeji wa eneo hilo pia. Waliishi kwa mkopo wa Serikali ya Kanada. Lau mtaalamu wa takwimu angepita Gimli mwaka 1877 na kuandika jedwali la ustawi, Waisilandi wangekuwa mkiani.

Kilichobadilisha hali yao kinajulikana vizuri. Baada ya mafuriko na mabishano makali ya kidini, sehemu ya watu wa Gimli walivuka mpaka na kuingia eneo la Dakota, katika wilaya ya Pembina, ambako wengine waliungana nao moja kwa moja kutoka Isilandi. Huko walikuta sheria ya makazi ya mwaka 1862, iliyompa mhamiaji aliyetangaza nia ya kuwa raia ekari 160 za ardhi kwa ada ndogo, mradi aishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji Waojibwe, jambo ambalo majedwali yetu hayana safu ya kuliandika. Kwa mhamiaji aliyeipata, ekari 160 zilikuwa mali ya kurithisha, ya kuweka rehani, na ya kuuza sehemu ili mtoto aende shule. Vilhjalmur Stefansson, msafiri na mvumbuzi mashuhuri wa ncha ya kaskazini, alizaliwa mwaka 1879 katika yale makazi ya Ziwa Winnipeg, Manitoba, wakati wa shida kubwa, akalelewa Dakota, na hatimaye akasoma Harvard. Kutoka njaa hadi Harvard ndani ya kizazi kimoja ni safari inayostahili heshima, na watu hawa walikuja na desturi ya kusoma ambayo karibu kila nyumba ya Kiisilandi ilikuwa nayo. Lakini safari hiyo ilipita juu ya ardhi iliyotolewa na dola.

Mwafghani alikuwa wapi wakati huo? Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1917 iliweka sehemu kubwa ya Afghanistan ndani ya eneo la Asia ambalo watu wake walizuiwa kuingia Marekani. Sheria ya mwaka 1924 ilipopanga idadi za mwaka kwa kila nchi, Isilandi ilipewa nafasi 100 na Afghanistan nafasi 100. Kwenye karatasi walikuwa sawa kabisa. Tofauti ilikuwa kwamba nafasi hizo zilikuwa za wale tu waliostahili kuwa raia, na uraia wa kuandikishwa ulikuwa haki ya watu weupe na, tangu mwaka 1870, watu wa asili ya Afrika. Mwaka 1928 mahakama ya shirikisho ya California ya Kaskazini ilimkatalia uraia Mwafghani aliyeitwa Feroz Din kwa hoja kwamba hakuwa mtu mweupe kwa maana ya sheria. Kizuizi hicho cha rangi hakikuondolewa hadi mwaka 1952. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya miongo mitatu, wakati familia za Dakota zilikuwa zikirundika ardhi, elimu na uzoefu wa taasisi za Marekani, Mwafghani alikuwa amefungiwa nje kwa sheria. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila ninaposoma ulinganisho wa jamii hizi mbili silioni likitajwa, nami naamini ndilo linalobeba sehemu kubwa ya pengo.

Waafghani walianza kufika kwa wingi baada tu ya majeshi ya Kisovieti kuingia nchini mwao Desemba 1979. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980 iliruhusu msaada wa fedha kwa mkimbizi hadi miezi 36, na wengi wa wimbi hilo, hasa wale wa mijini waliokuwa wamesoma, walijenga jamii imara Fremont katika California na katika vitongoji vya Virginia karibu na Washington. Miezi hiyo 36 ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi minane kufikia mwaka 1991, ikapandishwa kuwa kumi na miwili Oktoba 2021, kisha Mei 2025 ikashushwa hadi minne. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuiona sera hii kwa karibu, maana wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakiwamo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokewa Marekani mwaka 2023 na 2024. Walipitia utaratibu uleule, ukiwamo mkopo wa nauli ya ndege usio na riba ambao familia huanza kuulipa miezi michache tu baada ya kufika.

Wimbi la mwaka 2021 lilikuwa na masharti magumu zaidi. Kabul ilipoanguka tarehe 15 Agosti, zaidi ya Waafghani 76,000 waliletwa Marekani kwa miezi michache, wakakaa katika kambi za kijeshi kama Fort McCoy na Fort Bliss, na wa mwisho hawakutoka huko hadi Februari 2022. Kwa kila mtu mashirika ya mapokezi yalitengewa dola 2,275, na kati ya hizo zisizopungua 1,225 zilipaswa kutumika kwa mahitaji yake ya moja kwa moja, katika soko la nyumba lililokuwa likipanda bei kila mwezi. Wengi waliingia kwa ruhusa ya muda ya miaka miwili isiyo na njia yake yenyewe ya kuelekea ukaazi wa kudumu. Mwajiri anayeona kibali kinachokaribia kuisha husita kumfundisha mtu kazi ya muda mrefu, na daktari wa Kabul anayehitaji miaka ya mitihani na mafunzo ya hospitali kabla ya kuruhusiwa kutibu huishia kwenye usukani wa teksi au ghala la mizigo.

Kuna pia hesabu ya kaya, ambayo huwapotosha hata waandishi makini. Chukua mwongozo wa umaskini wa Serikali ya Shirikisho wa mwaka 2024: kaya ya watu wawili inahesabiwa kuwa maskini ikiwa kipato chake kwa mwaka ni chini ya dola 20,440, na kaya ya watu wanane ikiwa ni chini ya dola 52,720. Sasa fikiria kaya mbili zenye kipato kilekile cha dola 50,000. Ya kwanza ni ya wazee wawili, watoto wao wamekwisha kujitegemea. Haimo kabisa katika umaskini. Ya pili ni ya baba, mama, bibi na watoto watano, baba peke yake ndiye mwenye kazi ya mshahara. Hiyo iko chini ya mstari. Kaya za Kiafghani ni kubwa, zina watoto wengi, na wanawake wengi waliofika karibuni hawamo katika soko la ajira, ama kwa sababu ya lugha, ama ulezi, ama kwa kukosa nafasi ya kusoma walikotoka. Mediani ya kipato cha kaya, yaani kipato cha kaya iliyo katikati zote zikipangwa kwa mfuatano, huficha jambo hili. Kipato kwa kila kichwa hulionyesha, lakini humhesabu mtoto mchanga sawa na mtu mzima. Mimi huviangalia vyote viwili pamoja na umri wa kundi, wala sikubali hitimisho linalotegemea kimoja.

Mahali pa kuishi napo hupindisha picha. Mediani ya kipato cha kaya katika mji wa Fremont inazidi dola 150,000 kwa mwaka, na kodi za nyumba zinafuata humohumo. Kaya ya Kiafghani inayoonekana kuwa na kipato kizuri kwa wastani wa taifa inaweza kuwa inasongwa huko, ilhali kaya ya Kiisilandi mashambani Dakota Kaskazini inaishi kwa raha kwa fedha kidogo zaidi. Na kuhusu umiliki wa nyumba, ambao majedwali huuchukulia kama alama ya ustawi, familia nyingi za Kiislamu hukwepa mkopo wa kawaida wa nyumba kwa sababu ya riba. Zipo kampuni zinazotoa ufadhili usio wa riba, ila huduma hiyo haipatikani kila mahali. Aidha, sehemu ya mshahara huondoka nchini kila mwezi kwenda kwa ndugu walioachwa, mara nyingi kwa njia ya hawala, yaani kupitia mawakala wa fedha walio nje ya benki, hasa tangu akiba ya Benki Kuu ya Afghanistan ya takriban dola bilioni 7 ilipozuiwa Marekani na benki nyingi za kimataifa kukaa mbali na nchi hiyo. Fedha hizo huhesabiwa kama kipato cha kaya iliyoko Virginia, ingawa zimelisha watu Herat.

Ulinganisho ninaouona kuwa wa haki unahitaji kubadilisha safu. Waafghani waliofika kabla ya mwaka 1990 walinganishwe na wahamiaji wengine wa miaka hiyohiyo, na watoto wao waliozaliwa Marekani wapimwe kwa elimu na mshahara wakiwa na umri wa miaka 30 hadi 40. Waliozaliwa Isilandi kwenyewe, ambao ni wachache na wengi wao hufika wakiwa wanafunzi au wataalamu wenye pasipoti inayowaruhusu kuingia kwa ziara bila viza tangu mwaka 1991, wawekwe peke yao. Na waliofika mwaka 2021 watenganishwe kwa aina ya hati zao, kwa sababu mkalimani wa jeshi aliyepewa viza maalumu na ukaazi wa kudumu hayuko katika soko moja la ajira na jirani yake mwenye ruhusa ya muda. Tangu hadhi ya ulinzi wa muda kwa Waafghani, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa muda kwa watu ambao nchi yao si salama kurejea, ilipofutwa Julai 2025, tofauti kati ya wawili hao imekuwa tofauti kati ya mtu anayeweza kupanga kununua nyumba na mtu asiyejua kama kibali chake cha kazi kitahuishwa. Takwimu za miaka ya 2025 na 2026 zitakapotoka, safu ya mwaka wa kuwasili na ile ya uraia ndizo nitakazozisoma kabla ya safu ya kipato.