Jaketi zito peke yake halitoshi

Kila Julai jijini Nairobi utasikia: "Nunua jaketi moja zito, umemaliza." Hapana. Nguo haitengenezi joto. Huzuia tu joto la mwili lisitoroke, na kazi hiyo hasa hufanywa na hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo. Fulana, hudi nyepesi (sweta yenye kofia) na jaketi la kukinga upepo vyaweza kukutia joto kuliko jaketi zito juu ya shati. Tena asubuhi ni nyuzi 12 hivi, mchana hupita 20. Ukivua hilo moja, unabaki na nini?

Ila jaketi likikubana, hewa yote imeminywa na faida imekwisha. Ukichagua mtumba sokoni Gikomba, lijaribu ukiwa na hudi mwilini: inua mikono, funga zipu hadi kidevuni. Likikuvuta makwapani, liache. Na lisiwe na kofia yake. Kofia mbili mgongoni ni kama umebeba mtoto. Ya hudi itoe nje ya kola, ikae wazi.

Hudi ya pamba ina ila yake: ikilowa jasho au manyunyu, inakupoza badala ya kukufunika. Kwenye matatu iliyojaa, fungua zipu kabla jasho halijaanza.