Shule ina geti, haina hati

Simu za walimu wakuu hunifikia wiki ya kwanza ya Januari. Desemba shule imefungwa, mlinzi ni mmoja, na nusu ya Nairobi iko mashambani. Wakirudi wanakuta mabati yamezungushwa uwanjani na kijana wasiyemjua amekaa juu ya kokoto, nakala ya hatimiliki mfukoni. "Hii inawezekanaje?" aliniuliza mwalimu mmoja wa Eastlands. Inawezekana, Mwalimu. Tena kwa urahisi.

Mimi ni mpima ardhi. Shule nyingi za msingi za umma hapa jijini zilijengwa na lile Baraza la Jiji la zamani, ambalo halikuona haja ya kujiandikia hati: ardhi yetu, shule yetu, karatasi ya nini? Mwaka 2013 baraza likaondoka, kaunti ikaingia. Katiba ya 2010 imezipa kaunti chekechea. Msingi na sekondari ni za serikali kuu. Basi walimu wako chini ya serikali kuu, na faili ya kiwanja, kama ipo, iko City Hall, makao makuu ya kaunti. Anayeifuatilia hupigwa danadana mpaka astaafu.

Kuna aina ya pili ya shule zisizo na hati, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Mwenye shamba kubwa akitaka kuligawa ajenge estate, hutakiwa aachie sehemu ya huduma za umma bila kulipwa. Mchoraji anaandika "shule" kwenye ramani, kila mtu anapiga makofi. Lakini ramani si sajili ya ardhi. Kama ule uhamisho haukusajiliwa, miaka 30 baadaye kiwanja kina watoto elfu moja na bado kina jina la kampuni iliyomiliki shamba. Wakurugenzi wamekufa; warithi wamefungua sanduku. Hao si wezi wa usiku, na ndiyo maana kesi zao ni ngumu.

Wezi nao wapo. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake 2004, ilikadiria hati haramu zipatazo 200,000 zilizotolewa kati ya 1962 na 2002. Ardhi ya umma ilikuwa ndiyo asante ya kisiasa. Januari 2015 nchi nzima iliona watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road wakirushiwa vitoa machozi kwa kudai uwanja wao. Shule ile ilipata hati yake. Ilibidi watoto walie kwenye televisheni kwanza.

Wanasiasa je? Mbunge hupenda darasa, kwa sababu darasa lina ukuta wa kuandikwa jina lake na NG-CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge. Hati hukaa kabatini, haina pa kupakwa rangi. Tangu sekondari ya chini iwekwe ndani ya shule za msingi 2023, madarasa hayo mapya yanajengwa palepale uwanjani, wakati mwingine juu ya mpaka ambao hakuna aliyeuthibitisha.

Na tusimsingizie bwenyenye peke yake. Vibanda vilivyoegemea ukuta wa shule vinalipa kodi kwa mtu fulani, na mama anayeuza sukuma pale ana mtoto gredi ya tano humo ndani. Ukimwambia mwalimu avibomoe, unamgombanisha na wazazi wake mwenyewe. Wengi huchagua amani.

Ibara ya 40(6) ya Katiba inasema haki ya kumiliki hailindi mali iliyothibitishwa kupatikana kinyume cha sheria. Nzuri, ila "kuthibitishwa" huchukua miaka mahakamani, na darasa la kwanza halisubiri.

Yule mwalimu wa Eastlands nilimwambia aahirishe maandamano kidogo, atafute ramani ya upimaji kwanza, kisha tuombe sajili iwekewe zuio ardhi isiuzwe. Tulikwenda kutafuta vyuma vya mipaka. Kati ya vinne tulipata viwili. Cha tatu kiko chini ya kibanda cha chipsi. Cha nne, kwa hesabu yangu, kimo ndani ya shimo la choo la jirani, na jirani amekataa kutufungulia geti.