Pichi Mbovu Haimbebi Mwenyeji

Mimi ni mtunza pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja wa kriketi ambapo mpira unadunda mbele ya mpigaji. Naomba niseme hili mara moja halafu niachwe nifanye kazi yangu: pichi mbovu haimsaidii mwenyeji. Najua jibu lako kabla hujafungua mdomo. Timu ya nyumbani ina warushaji wazuri wa spini, yaani mipira inayozunguka na kukata kando ikigonga ardhi, wageni hawaijui spini, basi mtunza pichi anyoe nyasi zote, afunge maji siku kadhaa kabla ya mechi, na ushindi uje wenyewe. Nimeambiwa hivyo na makocha, na manahodha, na viongozi wenye tai ambao hawajawahi kugusa rola ya kushindilia. Juzi nimeambiwa tena, kwa upole kabisa, kana kwamba ni siri mpya.

Siyo mpya, na majibu yake yameandikwa kwenye vitabu vya rekodi. Pune, India, Februari 2017: pichi imekaushwa mpaka inatoa vumbi asubuhi ya kwanza, India ina mabingwa wake wa spini, Ashwin na Jadeja, wageni ni Australia. India wakatolewa kwa mikimbio 105, kisha 107. Aliyewamaliza ni Steve O'Keefe, mrushaji ambaye hakuna aliyekuwa anamwogopa, wiketi 12 (yaani aliwatoa wapigaji mara 12) kwa mikimbio 70 tu. Australia walishinda kwa mikimbio 333. Indore 2023, hadithi ile ile, Australia wakashinda wakiwa wamebakiwa na wiketi 9. Mwaka 2024 New Zealand wakaifagia India 3-0 nyumbani kwake. Bengaluru siihesabu, pale India walitolewa kwa 46 chini ya mawingu na mpira uliokuwa unayumba hewani. Lakini Pune Santner wa New Zealand alichukua wiketi 13, na Mumbai mwenzake Ajaz Patel akachukua 11, kwenye pichi zilizotarajiwa kuwabeba wenyeji. Kabla ya hapo India walikuwa wameshinda mifululizo 18 ya mechi nyumbani bila kukatika tangu 2012.

Sasa angalia upande wa pili. Desemba 2016, Mumbai, England walipiga kwanza wakapata 400. Chennai wakapata 477. Hizo ni alama za mtu anayelala usingizi mzuri. Mechi zote mbili walipoteza kwa zamu nzima na ziada, yaani zamu zao mbili za kupiga hazikufikia zamu moja ya India: India walijibu kwa 631 kule Mumbai, na 759 kwa wiketi 7 kule Chennai, kisha pichi ikaanza kuchoka taratibu na warushaji wao wakamaliza kazi. Pichi ilikuwa nzuri. Mgeni alipewa kila nafasi na bado alipigwa, kwa sababu pichi nzuri inampa timu bora muda wa kuonyesha ubora wake. Kwenye pichi inayovunjika siku ya kwanza, mrushaji wa kawaida anakuwa hatari kama bingwa, maana kazi inafanywa na ardhi. Bingwa wako miaka kumi amejifunza kuudanganya mpira hewani, kubadilisha kasi, kumvuta mpigaji mbele. Yote hayo unayatupa, halafu unamkabidhi mpinzani silaha asiyokuwa nayo alipopanda ndege. Ongeza kura ya sarafu, inayoamua nani achague kupiga au kurusha kwanza: kadiri pichi inavyoharibika haraka, ndivyo anayepiga mwisho anavyoumia zaidi, na sarafu haijui nani ni mwenyeji.

Haya nimeyapita haraka kwa sababu yako wazi. Kinachoniudhi hasa ni kitu kingine: watu hawatofautishi pichi ngumu na pichi mbovu.

Mpira kukata kwa spini siku ya kwanza si ubovu. Mpira kuruka hadi kifuani si ubovu. Mpigaji mzuri akishajua kwamba hapa mpira unakata kiasi hiki na kuruka kiasi hiki, anapanga miguu yake na anaishi. Ubovu ni mdundo usiotabirika. Mipira miwili inatua sehemu moja, kwa kasi moja. Wa kwanza unapita chini ya goti, wa pili unagonga glovu. Hapo hakuna ufundi wa kupiga, kuna bahati tu. Na mdundo wa namna hiyo hautokani na ukavu kama mnavyodhani. Mara nyingi unatokana na unyevu.

Nieleze. Udongo wa pichi ni mfinyanzi mwingi. Uingereza unazunguka asilimia 25 hadi 30, Australia kuna viwanja vinavyopita 50. Mfinyanzi ukiwa na unyevu sahihi unashindilika kwa rola hadi unakuwa kama kigae kizima. Ila lazima ukauke kutoka chini kuja juu, na jua haliwezi kufanya hivyo. Jua linakausha uso tu. Kinachotoa maji chini ni mizizi ya nyasi. Ukoka ulio hai ndio pampu yangu. Sasa bwana mkubwa anakuja na amri ya kunyoa nyasi zote na kufunga maji. Pampu imekufa. Uso unaokwa kwa siku mbili tatu, unakuwa ganda gumu la unene wa kidole, na chini yake udongo bado laini. Ganda linapasuka vipande vipande, kila kipande kinachezacheza juu ya kitanda laini. Mpira ukigonga katikati ya kipande, unapata mdundo mmoja. Ukigonga ukingoni, kipande kinainama na mpira unakufa. Kwenye televisheni mtangazaji anachomeka ufunguo kwenye ufa na kutangaza kwamba pichi ni kavu sana. Angeuzamisha zaidi angekutana na matope.

Na huo ni ubovu wa wiki moja. Ule wa miaka ndio unaoshusha viwanja vingi, na hauna skendo, kwa hiyo hakuna anayeuandika. Ingiza bomba la sampuli kwenye kiwanja kilichozeeka, toa kipande cha udongo, kilaze kiganjani. Utaona mistari. Huu mweusi ni nyasi zilizokufa ambazo msimu mmoja hazikuchanwa na kuondolewa. Huu wa rangi nyingine ni udongo ulionunuliwa mahali tofauti, pengine kwa sababu ulikuwa rahisi, ukamwagwa juu ya ule wa zamani. Kivunje kwa vidole: hakivunjiki popote, kinaachia palepale kwenye mstari. Udongo wa aina mbili unavimba na kusinyaa kwa viwango viwili, basi hauungani kamwe, hata ukipitisha rola mpaka usiku. Mizizi ikifika kwenye mstari inageuka na kutambaa pembeni. Mdundo unashuka kidogo kila mwaka, na kwa kuwa ni kidogo, kila mtu anazoea. Juu ya hapo kalenda imejaa mechi fupi, pichi haipati kupumzika, na ninaulizwa kwa nini mpira haupandi.

Timu ya nyumbani inalipa hapa, kimyakimya. Mpira usiopanda unamfundisha mpigaji kusogea mbele na kuupiga kila mpira kwa nguvu. Akienda ugenini anakutana na mpira wa mbavuni na hana jibu. Kijana mwenye kasi anarusha kwa moyo wote, mpira unamfikia mpigaji kama barua ya posta, kocha anamwambia apunguze mwendo. Uingereza ilikuwa kinyume: pichi za kijani za Aprili zilikuwa tamu kwa warushaji wa mwendo wa kati, warushaji wa spini wakakaa wakipasha mikono moto. Hali ikafika mahali ambapo kuanzia 2016 nahodha mgeni kwenye ligi ya kaunti aliruhusiwa kuchagua kurusha kwanza bila sarafu, ili wenyeji wakome kutengeneza pichi za aina hiyo. Kanuni ilifutwa kuanzia msimu wa 2020.

Wapo watakaonitajia Multan, Pakistan, ambako pichi iliyochakaa iliwabeba wenyeji, na wana haki. Oktoba 2024 Pakistan walipiga 556 kwenye pichi iliyokufa, isiyomsaidia mrushaji yeyote, England wakajibu 823 kwa wiketi 7, na wenyeji wakapoteza kwa zamu nzima. Mechi iliyofuata ikachezwa kwenye pichi hiyohiyo iliyotumika, feni kubwa zikapuliza juu yake kuikausha, na warushaji wa spini wa Pakistan, Noman Ali na Sajid Khan, wakagawana wiketi zote 20. Mfululizo Pakistan wakauchukua 2-1. Kwangu pichi iliyochakaa si pichi iliyoharibiwa: ile ilikuwa imeshashindiliwa na kukauka vizuri kabla haijachezewa mara ya pili. Lakini sitajifanya mpaka huo ni mstari wa chokaa. Januari 2025 waliendelea na dawa ileile, na West Indies wakashinda kwa mikimbio 120 palepale Multan, ushindi wao wa kwanza wa Testi, mechi ya siku tano, nchini Pakistan tangu 1990.

Na mimi nina mashaka yangu. Ninaweza kupima ugumu wa pichi, unyevu wake, urefu wa nyasi, na bado siwezi kukuapia itakavyokuwa siku ya tatu. Pichi mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, rola moja, maji mamoja, zinaweza kuachana kabisa. Na wapigaji wanapotolewa kwa 90, siwezi kukutenganishia ni kiasi gani ni pichi na kiasi gani ni watu waliolelewa na mechi fupi za ova 20 (ova moja ni mipira sita). Hata tiba yenyewe, kuchimba kila kitu na kutandaza upya, ina hatari zake. Kingston, Jamaica, Januari 1998, West Indies na England walikutana kwenye pichi iliyokuwa imetandazwa upya. Mechi ikavunjwa baada ya ova 10 na mpira mmoja, wapigaji wakiwa wamejaa michubuko.

Kwa hiyo kocha mpendwa, ukitaka pichi ya spini, nijie wiki kadhaa kabla. Niachie nyasi ziishi, nishindilie udongo ukiwa na unyevu wake, tuanze kukausha kutoka chini, na siku ya tatu mpira utakata kwa heshima. Ukija siku nne kabla na kuniamuru nizime maji, nitazima, maana mshahara hunipi wewe lakini wewe una sauti. Ila matokeo uyabebe, kama Gautam Gambhir, kocha wa India, Novemba 2025 kule Kolkata: India walihitaji 124 kushinda, wakaishia 93, Simon Harmer wa Afrika Kusini akiondoka na wiketi 8, na kocha akasema hadharani kwamba pichi ile ndiyo waliyoiomba. Wengi huwa hawasemi. ICC, baraza la kriketi la kimataifa, inapotoa alama za adhabu kwa pichi mbovu, zinaandikwa kwa jina la kiwanja. Zikifika 6 ndani ya miaka 5, kiwanja kinakaa miezi 12 bila mechi ya kimataifa. Aliyeagiza maji yazimwe haandikiwi hata moja.