Je, wajua kwa nini kazi ya mwezi ujao huonekana nyepesi kuliko ya kesho?

Mtu akikuomba umsaidie kuhamisha vyombo kesho asubuhi, utaanza kuhesabu: kesho kuna kikao, mtoto ana kliniki, fundi anakuja kutazama paa. Huyohuyo akikuomba umsaidie mwezi ujao, utasema "haina shida" kabla hajamaliza kueleza. Kazi ni ileile, na mwezi ujao nao utakuwa na vikao, kliniki na mafundi. Inakuwaje basi?

Mwaka 2005 watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Gal Zauberman na John Lynch, walichapisha majibu ya swali hilihili. Watu waliohojiwa waliamini kwamba baada ya mwezi watakuwa na nafasi kubwa kuliko waliyo nayo leo. Kuhusu fedha matumaini yao yalikuwa madogo zaidi. Kila mtu anajua mwezi ujao kodi itadaiwa tena na unga utanunuliwa tena. Muda tunauona kwa jicho jingine. Kesho ina majina na saa, ila mwezi ujao uko mtupu machoni, kwa sababu mambo yanayokula siku zetu hayatoi taarifa mapema: mgonjwa wa kupeleka hospitali, mgeni wa ghafla, msiba wa jirani.

Juu ya hapo, hata kazi yenyewe tunaipima vibaya. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wa Kanada waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu wakadirie watamaliza lini utafiti wao wa mwisho. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Ikachukua 55 na zaidi.

Mimi somo hili nililipata Kibirizi, hapa Kigoma, kwa shangazi yangu anayeanika dagaa.

Anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika anajua kwamba dagaa huvuliwa gizani. Taa humulika kipande cha maji, vijidudu vya ziwani husogea kwenye mwanga, dagaa nao hukusanyika, wavu ukapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa na taa hupoteza nguvu yake. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Na kwa kuwa mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, tarehe zake huhamahama. Huwezi kuzikariri, lazima utazame.

Nilimwendea nikiwa na ombi la kamati ya harusi: asimamie mapishi, Jumamosi fulani, wiki tano mbele. Nilitegemea angesema ndiyo palepale, maana bwana harusi ni mtoto wa ndugu yake. Akasema, "Ngoja." Akafuta kwenye kanga vidole vilivyojaa magamba, akaingia ndani hadi kwenye kalenda ya duka iliyotundikwa ukutani. Kila usiku wa mwezi mpevu ameuzungushia wino wa bluu. Akaweka kidole, akahesabu kwa sauti ya chini.

"Hiyo ni giza, mwanangu. Mkisogeza mpaka hapa," akagusa duara la bluu, "nitapika mpaka sufuria ya mwisho."

Hakuuliza kama harusi ni jambo jema. Majukumu karibu yote tunayoombwa ni mema, ndiyo sababu swali hilo halisaidii kuchagua. Yeye aliuliza ile Jumamosi tayari ina kazi gani. Siku ya giza dagaa hufika alfajiri wakiwa wabichi, hawamsubiri mtu. Wasipotandazwa mapema huharibika, na wingu likijitokeza lazima kuwe na wa kuwaanua. Wachumi huita hii gharama ya fursa, yaani kile unachokiacha ili upate kingine. Kwa shangazi gharama hiyo ina uzito wa kilo na ina harufu.

Jioni ile nilichukua kalenda yangu. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, mwandishi wa kikundi cha kukopeshana, mwalimu wa kompyuta jioni kwa vijana sita wa mtaani, na mfugaji wa vifaranga. Nikaandika saa zilizotumika kweli mwezi uliopita. Uandishi wa kikundi, ambao nilikuwa nauita "kikao cha saa mbili", ulikuwa unamaliza Jumapili nzima: kunakili, kupiga simu, kukumbusha marejesho.

Vifaranga ndivyo vilivyonipa shida kuachia, kwa sababu ya banda. Nimeshanunua mabati, nitaachaje? Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha mwaka 1985 jinsi mawazo hayo yanavyotushika: waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu wa maigizo walihudhuria zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko waliopata punguzo, ingawa maonyesho yalikuwa yaleyale. Hela ya mabati yangu ilikwishatoka. Kilichobaki kuamuliwa ni asubuhi zijazo, na hizo nilizitaka.

Darasa nililibakiza, kwa sababu nikiliacha wale vijana hawana pengine pa kugusa kompyuta. Vifaranga na banda nikamuuzia jirani. Kikundi nilikiaga kwa mwezi mzima, nikimfundisha mwandishi mpya na kumkabidhi daftari ukurasa kwa ukurasa. Ahadi ni deni, na nadhani kuondoka kimyakimya ni kulikimbia.

Harusi ilisogezwa. Usiku ule mwezi ulikuwa umetimia juu ya ziwa, mitumbwi imevutwa ufukweni, na wavuvi walikula pilau pamoja nasi. Shangazi alikuwa kwenye mafiga tangu adhuhuri.