Albamu ya solo ya mwimbaji mkongwe wa kantri: maana yake na inavyozaliwa

Albamu ya solo ni albamu inayotoka kwa jina la mwimbaji mmoja. Sauti ya mbele ni yake, uamuzi wa nyimbo zipi ziingie na zipi ziachwe ni wake, na ikitoka, sifa na lawama zote zinamwangukia yeye. Hapa sizungumzii solo la gitaa kama tulivyozoea kwenye muziki wa dansi. Wala haina maana kwamba mwimbaji aliingia studio peke yake. Nyuma yake kuna mpiga ngoma, mpiga besi, wa fidla, na mara nyingi yule anayepiga gitaa linalolazwa na kutelezeshewa chuma juu ya nyuzi, ambalo ndilo linaloipa kantri, muziki wenye asili ya vijijini Marekani, ule mlio wake wa kulialia.

Kuna wanaotoa albamu ya solo kwa sababu kundi limevunjika. Brooks & Dunn waliimba wawili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakafanya onyesho la kuagana Nashville mwaka 2010, na mwaka uliofuata Ronnie Dunn akatoa albamu iliyobeba jina lake tu. Wengine wamekuwa wakishirikiana na wenzao kwa muda. Mwaka 1993 Dolly Parton, Loretta Lynn na Tammy Wynette walirekodi albamu moja kwa pamoja. Ile si solo ya yeyote kati yao, hata kama kila mmoja anasikika vizuri. Lakini aina inayonigusa zaidi ni ya tatu: mwimbaji aliyewahi kuwa juu kabisa, akasahauliwa na redio, akaachwa na kampuni, kisha anarudi na albamu mpya watu wakiwa wameshamhesabu kuwa ni wa zamani.

Ili kuelewa kwa nini kurudi huko ni kugumu, lazima ujue Nashville inavyofanya kazi. Mji huo wa jimbo la Tennessee una mtaa uitwao Music Row, na huko kampuni za kurekodi, watunzi wa kulipwa na studio zimekaa jirani. Mwimbaji analetewa nyimbo zilizotungwa na wengine, anachagua, kisha wanaingia wapigaji wa studio ambao jana walimpigia mwingine na kesho watampigia mwingine tena. Kazi inakwenda haraka na inatoka safi. Ila mambo yote yanategemea redio, na redio za kantri hupenda sura mpya. Mwimbaji akifika miaka hamsini na kitu, nyimbo zake mpya hazipigwi, zisipopigwa, haziuzi, zisipouza, mkataba hauongezwi. Sauti yake inaweza kuwa nzima kabisa. Mlango ndio umefungwa.

Hayo yalimpata Johnny Cash. Alianza kurekodi Memphis mwaka 1955, akahamia kampuni ya kurekodi ya Columbia mwaka 1958, na mwaka 1980 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la kantri akiwa na miaka 48 tu. Miaka sita baadaye Columbia hawakumwongezea mkataba. Akahamia kampuni nyingine na mambo hayakwenda. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akiimba na Waylon Jennings, Willie Nelson na Kris Kristofferson kwenye kundi la Highwaymen, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 1985 ilifanya vizuri sana. Kwa hiyo jina lake halikuwa limekufa. Kilichokuwa kimekwama ni kazi yake mwenyewe.

Mwaka 1993 akakutana na prodyuza Rick Rubin, mtu aliyejijengea jina kwenye hip-hop na roki nzito, si kwenye kantri hata kidogo. Rubin alimkaribisha sebuleni kwake Los Angeles, akamwambia aimbe nyimbo anazozipenda, na akarekodi. Gitaa moja na sauti moja. Walijaribu pia kuongeza wapigaji, wakarudi kwenye zile za gitaa peke yake kwa sababu ndizo zilizokuwa na nguvu. Nyingine zilirekodiwa kwenye kibanda cha Cash huko Hendersonville, Tennessee, na mbili mbele ya watu kwenye klabu ndogo ya Los Angeles. Zikatoka Aprili 1994, nyimbo 13, Cash akiwa na miaka 62, kwenye albamu iitwayo American Recordings.

Ukiisikiliza, utaona kitu ambacho albamu zake za miaka iliyotangulia zilikuwa zikikifunika. Unasikia kidole kikigusa uzi kabla ya neno. Unasikia pumzi. Sauti imeshuka, imepata ukwaruzo, na hakuna kinanda wala waitikiaji wa kuificha. Wasikilizaji wa Kenya waliokulia kwenye mugithi, mtu mmoja na gitaa lake akiwashika watu usiku kucha, hawahitaji kuelezwa kwa nini inafanya kazi. Na mugithi wenyewe umekunywa sana kutoka kwenye kantri. Albamu ile ya Cash ilishinda Grammy, tuzo kubwa ya muziki Marekani, mwaka 1995, tena kwenye kipengele cha muziki wa folk, yaani wa asili, si cha kantri. Ya pili aliyoifanya na Rubin ikashinda Grammy ya albamu bora ya kantri mwaka 1998, ingawa redio za kantri zilikuwa zimeipuuza. Kampuni ya Rubin ikalipia ukurasa mzima kwenye jarida la Billboard kuwashukuru wakubwa wa Nashville na redio hizo kwa msaada wao, chini ya ile picha ya mwaka 1969 kutoka gereza la San Quentin, Cash akionyesha kidole cha kati. Hasira ile naielewa.

Njia aliyopita Loretta Lynn ni tofauti, na mimi naiona ni bora zaidi ukitaka kuelewa maana ya solo. Mwaka 2004, akiwa ametimiza miaka 72, alitoa Van Lear Rose. Prodyuza alikuwa Jack White wa kundi la White Stripes, kijana wa roki aliyekuwa hajafikisha hata miaka 30. Kwa haraka ungesema albamu ni ya kijana na bibi amekodishwa kuimba. Angalia nani alitunga. Maneno ya nyimbo ni ya Lynn, na hadithi ni zake: mama yake, ambaye wachimba makaa ya mawe wa Van Lear, Kentucky, walikuwa wakimzungumzia kwa uzuri wake, ndoa, ujane baada ya mumewe kufariki mwaka 1996. White alileta gitaa zake kali na akaimba naye wimbo mmoja. Wimbo mmoja wa kuimba wawili hauiondolei albamu usolo wake, maana anayesimulia ni yuleyule mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ilipata Grammy mbili.

Tanya Tucker naye alivuma mwaka 1972 akiwa na miaka 13. Hadi mwaka 2019 alikuwa amekaa miaka 17 bila albamu ya nyimbo mpya. Waliomrudisha ni mwimbaji Brandi Carlile na Shooter Jennings, mtoto wa Waylon, waliosimama kama maprodyuza wa While I'm Livin'. Nyimbo nyingi zilitungwa na Carlile pamoja na mapacha wa Hanseroth wanaopiga naye, kwa kumfikiria Tucker na maisha yake, jambo ambalo ni tofauti sana na kuchaguliwa nyimbo kwenye rundo. Wimbo wa mwisho, ambao Tucker alikuwa na wazo lake kwa miaka mingi bila kuumaliza, unaomba aletewe maua sasa hivi angali hai. Siku hizi na sisi tunasema msanii apewe maua yake. Yeye alipewa Januari 2020: Grammy mbili, za kwanza maishani mwake, karibu nusu karne tangu ateuliwe mara ya kwanza.

Ndiyo maana ukisikia mkongwe fulani anarudi na albamu ya solo, usiishie kwenye jina la jaladani. Soko limejaa mikusanyo ya nyimbo za zamani yenye jalada jipya, na nyimbo zilezile zilizorekodiwa upya kwa sababu rekodi za awali ni mali ya kampuni ya zamani. Hizo si mbaya, baadhi nazipenda, ila hazikwambii mtu huyo ana nini cha kusema leo. Soma orodha ya watunzi na tarehe za kurekodi. Angalia prodyuza ni nani na alifanya nini kabla. Kisha sikiliza kama sauti imeachwa na umri wake au imesuguliwa mpaka ikafanana na ya kijana, kwa sababu wapo maprodyuza wanaoogopa ukwaruzo, na kwa mwimbaji wa miaka sabini ukwaruzo huo ndio unaonifanya mimi ninunue albamu.

Cash na Rubin waliendelea hadi mwisho. Mkewe, June Carter, alifariki Mei 2003, naye akaendelea kurekodi, mgonjwa, kwa miezi iliyobaki hadi alipofariki Septemba. Albamu iliyotokana na rekodi zake za mwisho ilitoka mwaka 2006 na kuingia moja kwa moja namba moja kwenye chati kuu ya albamu Marekani.